Ngazi ya Paka

Wakulima wa Nachingwea na Ruangwa huvuna mahindi na mtama, na wengine huweka nafaka hiyo darini, juu ya meko, ili moshi uwafukuze wadudu. Lakini panya hakomeshwi na moshi. Akila mbegu, watu watapanda nini mvua zikinyesha? Kwa hiyo paka hupewa ulinzi wa dari.

Paka hupanda kwa urahisi, bali kushuka humtaabisha. Kucha zake zimepinda kama ndoana, na ncha zake zaelekea nyuma. Apandapo, hushika mti. Ashukapo kwa kutanguliza kichwa, hazishiki. Ndiyo sababu pengine husikiwa akilia juu ya mwembe.

Basi mwenye nyumba na atafute mti mnene kama paja, wala asilibandue gome. Auegemeze kwenye mlango wa dari, ulale kidogo, usisimame wima. Auzungushie kamba ya katani, paka apate mahali pa kutia kucha. Chini aufukie, usiyumbe.

Kazi hii ni ndogo, nayo hulinda chakula cha mwaka mzima. Paka akiondoka, panya hutawala. Na paka asiyeweza kufika darini ni sawa na aliyeondoka.