Kiti cha Kaunta Chicago, Meza ya Sinza

Kokteli moja katika baa ya mtaani kwangu, kaskazini mwa Chicago, ni dola 15. Weka kodi, weka bakshishi ya asilimia 20, unakaribia dola 20. Nilipomtajia shangazi yangu wa Sinza, Dar es Salaam, hesabu hiyo kwa shilingi, alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza kama glasi narudi nayo nyumbani.

Ana haki ya kuuliza. Kwa hela hiyo, Sinza meza nzima inakunywa na mishikaki inapita juu. Mimi mwenyewe naenda pale mara moja moja tu, nikitoka zamu ya jioni, na nimejiuliza sana nalipia nini. Pombe iliyomo kwenye ile glasi haizidi vijiko vinne vya mezani. Kinachobaki ni ndimu, sukari, barafu na mikono ya mtu. Nimefikia kuamini kwamba nalipia kiti.

Kaunta ya pale ni ya mbao, ndefu, na chini yake kuna ndoano za kutundikia mkoba. Naingia peke yangu, natundika koti, nafungua kitabu. Hakuna anayegeuza shingo. Mhudumu wa kaunta anasogeza maji kwanza, kisha anauliza nataka kikali au chepesi, kichungu au kitamu. Anapima kwa kikombe kidogo chenye midomo miwili, anatikisa kopo mpaka linaganda ukungu kwa nje, anachovya mrija na kuonja tone moja kabla hajamimina. Siku moja alinitaka nimfundishe kinywaji cha kwetu. Nikamweleza dawa, ile iliyopata umaarufu Nairobi kwenye mgahawa wa Carnivore uliofunguliwa mwaka 1980: vodka, ndimu, sukari, barafu, na kijiti kilichoviringishwa asali unachopondea humo humo kwenye glasi. Wenyewe waliichukua kwa Wabrazili na caipirinha yao. Akaniuliza asali kiasi gani. Nikamwambia mpaka kijiti kigome kutoka. Ilikuwa nzuri, ingawa ndimu za huku hazina ukali.

Naye akanilipa kwa kunionjesha Malört, pombe ya Chicago yenyewe, chungu kuliko mwarobaini. Aliianzisha mhamiaji wa Kiswidi, Carl Jeppson, na enzi pombe ilipopigwa marufuku nchi nzima, kuanzia 1920 hadi 1933, aliendelea kuiuza kama dawa ya tumbo. Wanasema polisi walionja wakaamini. Mimi pia nimeamini, na sirudii.

Kiti hicho cha amani hakikuota chenyewe. Mwaka 1855 meya wa Chicago, Levi Boone, alipandisha leseni ya kuuza pombe kutoka dola 50 hadi dola 300 na kuamuru baa zifungwe Jumapili, siku pekee ya mapumziko ya vibarua. Wahamiaji wa Kijerumani walielewa vizuri analengwa nani. Waliandamana, damu ikamwagika, na uchaguzi uliofuata ukageuza mambo. Wanawake nao, katika baa nyingi za miji ya Marekani za zamani, walikuwa wakipitia mlango wa pembeni. Kule New York, baa ya McSorley's haikuruhusu mwanamke kuketi mpaka mwaka 1970, tena baada ya kesi mahakamani. Kuna watu wanaoniambia kwamba mwanamke kukaa baa peke yake ni tabia ya Wazungu. Nawajibu kwamba Wazungu wenyewe wameijulia ukubwani.

Sasa njoo Sinza. Likizo iliyopita nilitoka kwa shangazi kama saa kumi na moja jioni, nikaketi kwenye baa iliyo jirani na kwake, kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, na Stoney Tangawizi yangu. Niliagiza soda makusudi, nione. Mhudumu akaniuliza, kwa upole kabisa, "Dada, unamsubiri nani?" Kabla sijajibu, bia ilishafika mezani. Kaka mmoja wa meza ya tatu aliinua chupa yake kunisalimu.

Nikamwambia yule binti, "Mwambie kaka nashukuru, lakini situmii."

Akainama kama anayefuta meza. "Da, ipokee tu, nitakuhifadhia kaunta. Ukiirudisha, mimi ndiye nitakayesemwa."

Niliipokea. Kaka akahamisha kiti, na kwa muda wa soda moja nikawa nimeulizwa kama nimeolewa, nafanya kazi gani Marekani, na kwa nini najiona. Hakuna baya lililotokea. Hilo ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu kila mtu pale, pamoja na shangazi nilipomsimulia, aliona mambo yamekwenda kama yanavyopaswa kwenda.

Nikirudi na kaka zangu na binamu, baa ni ile ile lakini dunia nyingine. Hapo naitwa dada wa meza, na naulizwa jambo moja tu: ya moto au ya baridi? Mtu anapiga ishara kwa mkono na kusema "wape kama walivyo", basi kila mmoja anajaziwa alichokuwa anakunywa, wa soda kwa soda, wa konyagi kwa konyagi. Hakuna anayetoa kadi ya benki, hakuna anayegawanya bili kwa kikokotoo cha simu kama tufanyavyo Chicago. Kweli, wakishasikia wa Marekani amekuja, meza ya watu wanne inakuwa ya kumi na moja, na wa mwisho kufika ndiye anayeagiza kuku mzima. Bado, nikipima kwa haki, hiyo ndiyo meza ninayoiota wakati wa baridi, theluji ikiwa imefika kwenye vioo vya madirisha.

Maana kiti cha Chicago nacho kina upungufu wake. Kulikuwa na mzee mmoja, fundi mstaafu wa treni za mjini, aliyekuwa akikaa mwisho wa kaunta. Majira ya baridi yaliyopita aliacha kuja. Nilimuuliza mhudumu. Alijua mzee anakunywa nini, anataka barafu kiasi gani, anashabikia timu ipi ya besiboli. Jina la ukoo hakulijua, wala mtaa anaoishi. Si kwamba hakujali. Kuuliza vile ni kuvunja adabu ya pale, na adabu hiyo hiyo ndiyo inayonipa mimi raha ya kusoma kitabu changu. Sinza, siku ya pili tu bodaboda angekwisha kutumwa kwake kumgongea.

Watu huishia hapo: Chicago uhuru, Sinza undugu, chagua. Mimi sioni sababu ya kuchagua, kwa kuwa usumbufu ninaopata Sinza hauletwi na undugu. Unaletwa na namna tunavyomtazama mwanamke yeyote aliye baa, na anayebeba mzigo mkubwa zaidi si mimi wa likizo. Ni yule binti aliyenihudumia.

Nilimtazama usiku mmoja akichukua oda ya watu wanane bila kuandika. Nani moto, nani baridi, nani kabadilisha baada ya chupa ya pili. Alirudi na chupa nne katika kila mkono, shingo zimebanwa kati ya vidole, opena ikining'inia kiunoni kwa kamba. Kila chupa aliifungua mbele ya mwenyewe, kisha akaegesha kizibo juu kuzuia nzi. Chupa tupu haziondoki mezani mpaka bili, kwa sababu ndizo ushahidi wake. Mtu akiondoka bila kulipa, au chupa ikivunjika, ni shoti, na shoti anakatwa yeye. Katikati ya hayo anaitwa kwa mluzi, anashikwa kiuno, anaambiwa anune kidogo tu aone. Yule wa Chicago anayetikisa kopo ana ustadi, sikatai, lakini jina lake liko kwenye menyu, na watu wanapiga picha mikono yake.

Tofauti nyingine ni sheria. Illinois ina sheria ya siku nyingi inayomruhusu aliyeumizwa na mlevi kuishtaki baa iliyomuuzia pombe. Kwa hiyo mhudumu wa huku akimwambia mteja, "Inatosha, nakuitia gari," mwenye baa anasimama nyuma yake. Binti wa Sinza akisema hivyo kwa kaka mwenye pesa, kesho hana kazi. Nisipambe mambo: kima cha chini cha mshahara wa serikali kuu ya Marekani kwa wanaotegemea bakshishi ni dola 2.13 kwa saa, na hakijapanda tangu 1991. Chicago ilipitisha uamuzi mwaka 2023 wa kuwapandisha hatua kwa hatua, na hatua ya kwanza ilianza Julai 2024. Kwa hiyo ile asilimia 20 yangu si ukarimu. Ni sehemu ya mshahara wa mtu ambayo mwajiri wake ameniachia mimi nilipe, na sipendi mpango huo. Lakini nalipa, kila mara, na Watanzania wenzangu wote ninaowajua huku wanalipa bila kuhojiwa.

Sisi hao hao, tukifika nyumbani, tunaagiza meza ijae, tunahesabu chenji ya shilingi 500, na binti aliyesimama kwa miguu tangu saa tano asubuhi tunamwita "wewe".

Desemba inakaribia, na tiketi wengi tumeshakata. Ndugu yangu, ukifika baa ya mtaani kwenu, muulize mhudumu jina lake na umwite kwa jina hilo. Kabla hujaondoka, mwachie chochote kama unavyomwachia wa Chicago, London au Muscat, na umpe mkononi mwake, usipitishie kwa bosi. Na ukimwona dada amekaa peke yake na chupa yake ya Savanna, usimpelekee bia. Hajaiagiza.