Mwandiko Uliopinda

Ukishuka Lyamba lya Mfipa kutoka Sumbawanga, baridi ya Ufipa inabaki mlimani na joto la bonde la Rukwa linakupokea. Ndivyo nilivyofika Kaoze kufundisha Kiswahili katika sekondari ya kata.

Daftari safi kuliko yote kidato cha kwanza lilikuwa la kijana mmoja mrefu, mtoto wa wafugaji. Nikamsimamisha alisomee darasa. Akalitazama daftari lake mwenyewe, kimya, hadi kengele ikalia. Kumbe alinakili ubao kama mtu anayechora. Kesho yake hakuja. Wiki ya pili nilimkuta majarubani akiamia ndege. “Bora hapa, Mwalimu,” alisema. Kumsimamisha lilikuwa kosa langu, na linaniuma bado.

Hakuwa peke yake. Mwaka 2012 taifa zima lilizungumzia watoto zaidi ya 5,000 waliochaguliwa kidato cha kwanza bila kujua kusoma wala kuandika. Maswali mengi ya mtihani wa darasa la saba ni ya kuchagua herufi, hivyo mtu huweza kufaulu kwa kubahatisha. Mwaka 2015 ukaja mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, kwa darasa la kwanza na la pili. Waliokwisha kupita wakabaki na masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza mbele yao.

Niliomba vipindi viwili katika ratiba. Nikajibiwa kuwa sekondari si mahali pa silabi. Nililipinga jibu hilo, nalipinga hata leo.

Basi tukakutana saa kumi jioni, vijana sita, yule wa majarubani akiwa mmoja wao. Ba be bi bo bu waliimba vizuri; walikwama kwenye mbw, nyw na ng’. Kitabu cha watoto wadogo kiliwatia aibu, nikakiweka kando. Nikawaomba wanisimulie kazi zao, nami nikaandika vilevile walivyosema: mtumbwi ziwani, mpunga ulioliwa na ndege, ndama aliyepotea. Neno ng’ombe yule kijana alilitaja kabla sijamaliza kuliandika. Tukalikata vipande, tukatafuta ng’ yake katika ng’oa, ng’ara, ng’ambo. Walimu wenzangu nao wakakubali kutowasimamisha, na kuwauliza historia kwa mdomo.

Muhula wa pili nilikuta karatasi chini ya mlango wa ofisi: “Mwalimu kesho siji tunapeleka ngo’mbe mnadani.” Mistari ilipanda na kushuka. Hapakuwa na ubao wowote wa kunakili.