Mzigo wa Mguuni

Sisi ni mume na mke. Tulifika Norwei kutoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, tukiwa na watoto watatu na masanduku mawili. Kwa miaka mingi theluji ilikuwa kwetu kitu cha kukimbia tu, kutoka mlangoni hadi kituo cha basi, na kutoka kituo cha basi hadi kanisani. Hatukuwaza kwamba Mungu angetufundisha neno kwa njia ya viatu vya theluji. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na tumeombwa tulisimulie hapa.

Katika ushirika wetu wa Kiswahili yupo mzee mmoja Mnorwei, aliyefanya kazi ya kanisa Tanzania kwa miaka mingi. Kiswahili chake ni safi kuliko chetu sisi wa Kongo. Hutusahihisha ngeli, nasi hucheka. Kila Pasaka hupanda mlimani. Ndiyo desturi ya nchi hii: wiki ile miji hubaki kimya, watu wako kwenye nyumba ndogo za milimani na machungwa na chokoleti zao, na mahali pengi ibada hufanyika nje, juu ya theluji. Mwaka ule Mzee akasema, "Wanangu, safari hii twende sote. Nitawafundisha telemark."

Kwa wasiojua, ski ni mbao mbili ndefu na nyembamba za kutelezea kwenye theluji. Katika ski za kushukia milima, buti hufungwa mbele na nyuma. Katika telemark, buti hufungwa mbele tu, kwenye vidole, na kisigino kiko huru. Kwa hiyo mtu anaweza kupanda mlima kwa kutembea. Anaposhuka na kutaka kugeuka, husogeza mguu mmoja mbele, na ule wa nyuma huinua kisigino na kukunja goti hadi likaribie ski. Mzee alituambia hivi: mtu wa telemark hageuki bila kupiga goti.

Jina hilo ni la jimbo la Telemark, kusini mwa Norwei. Huko Morgedal alizaliwa Sondre Norheim mwaka 1825, mtu maskini asiye na shamba lake mwenyewe. Alitumia vifungio vya vijiti vilivyosokotwa, vikazunguka kisigino, hata ski isichomoke mguuni wakati wa kuruka na kugeuka, na bado kisigino kikaweza kuinuka. Mwaka 1868 alishindana Christiania, ndiyo Oslo ya leo, na watu wa mji wakastaajabu. Mwaka 1884 alihamia Marekani na jamaa yake, na kaburi lake liko kwenye uwanja wa kanisa la Kilutheri huko Dakota Kaskazini. Sisi tuliohama tulipenda kusikia kwamba mchezo ambao Wanorwei wanajivunia ulitoka kwa mtu aliyekufa ugenini.

Basi tukaenda kwenye soko la vitu vilivyotumika, tukanunua vyetu. Tulichagua mabuti makubwa ya plastiki yenye bakoli nne, na ski zenye vifungio vya waya mnene na springi ngumu. Kila buti lilikaribia kilo mbili. Tuliona uimara. Mzee alivitazama, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hivi ni vya watu wa kushuka. Ninyi mtaanza kwa kupanda. Njoo niwaazime vyepesi." Tulikataa. Tangu tufike nchi hii tulikuwa tumepokea vitu vya watu mno, na tulitaka mara moja kuwa na vyetu.

Hapa lazima tuseme jambo jingine. Miaka miwili kabla ya hapo tulimkopesha ndugu mmoja wa ushirika krona elfu arobaini. Aliahidi kuzirudisha baada ya miezi sita. Biashara yake ikaanguka. Pesa zile zilikuwa nauli ya kwenda Kigoma kumwona mama. Mama alifariki mwezi wa Novemba, nauli haijarudi. Ndugu yule aliimba kwaya kila Jumapili, nasi tulimsalimia kwa mkono bila moyo. Naye alikuwa kwenye safari ile.

Asubuhi ya Pasaka tuliondoka saa mbili. Ibada ilikuwa saa sita, kwenye nyumba ya wapandaji, kilomita nane kutoka barabarani, karibu zote za kupanda. Chini ya ski tulibandika ngozi za kupandia, ambazo manyoya yake huzuia ski isirudi nyuma. Saa ya kwanza ilikuwa furaha. Saa ya pili tulinyamaza. Kila tulipoinua kisigino, springi ilikivuta chini, kana kwamba mtu ameshika mguu kwa nyuma. Mabegi yetu hatukuyasikia hata kidogo. Kilichotuua ni miguu.

Mzee alisimama akatungoja, akatupigia hesabu. "Njia hii ina kama hatua elfu kumi. Nusu kilo iliyozidi kwenye kila mguu, ukiinyanyua mara elfu kumi, ni tani tano. Mzigo wa mgongoni unaupandisha begani mara moja asubuhi. Wa mguuni unaunyanyua upya kila hatua."

Saa ya tatu mmoja wetu aliketi kwenye theluji akaanza kulia. Wenzetu walikuwa mbele sana. Ndipo tukaona mtu anarudi kutoka juu, naye alikuwa ndugu yule. Akasema, "Nipeni mabegi." Tukampa, kwa kuwa hatukuwa na nguvu ya kukataa. Lakini hatukupata nafuu, maana uzito haukuwa mgongoni. Akaliona hilo. Akatazama mguu wa yule aliyeketi, akauliza, "Unavaa namba ngapi?" Namba ilikuwa moja. Akakaa chini, akavua mabuti yake kwenye baridi ile, akayavaa yetu.

Vya kwake vilikuwa vya namna mpya. Katika miaka ya 1980 Mwaustria Fritz Barthel alibuni kifungio chepesi cha kupandia, chenye pini mbili ndogo zinazobana ncha ya buti kwa pande zote. Baadaye watu wa telemark wakachukua sehemu ile ya mbele, wakaongeza springi za nyuma. Wakati wa kupanda springi huachwa wazi, na buti huzunguka kwenye pini bila kuvutwa na kitu; wakati wa kushuka huzifunga kisiginoni. Buti lenyewe lilikuwa jembamba, lenye mikunjo penye vidole ili soli ijipinde. Aliyeyavaa alisimama, akapiga hatua tatu, akasema, "Kumbe watu wanatembea hivi!"

Ndugu yule akatangulia na mabuti yetu mazito. Tulisikia pumzi zake mbele yetu. Hakusema neno.

Hatukufika juu. Kilomita moja kabla ya ile nyumba upepo uligeuka, wingu likashuka, na Mzee akasimamisha kila mtu. Wapanda milima wa Norwei wana kanuni zao, na mojawapo huwafundisha wageuke mapema wala wasione haya. Tuliomba palepale tumesimama, Mzee akasema kwa sauti kwamba Bwana amefufuka, tukajibu, tukageuka.

Wakati wa kushuka tulijifunza upande wa pili. Buti jepesi halikushikilii kama zito. Zito ni kama ukuta. Hata ukikosea, linakusimamisha. Jepesi linataka wewe mwenyewe uwe na mizani, na ukunje goti kweli. Aliyevaa mepesi alianguka mara sita. Kila mara ndugu yule alisimama, akangoja hadi ainuke.

Jioni tukiwa jikoni tunamenya machungwa, alikuja akasimama mlangoni. "Ndugu zangu, najua habari za mama. Sikuwa na uso wa kuja kwenu. Naomba mnisamehe." Tungependa kuandika kwamba tulimkumbatia. Tulisema tu, "Tumesikia," akaondoka.

Usiku hatukulala. Waraka kwa Waebrania unawaambia wanaopiga mbio waweke kando kila mzigo. Tulikuwa tumeusoma mara nyingi, na kila mara tuliwaza mizigo ya mgongoni: vita, kambi, ugeni, kodi ya nyumba. Hiyo tunaibeba, na Mungu hutusaidia. Ile chuki ilikuwa ya mguuni. Tuliinyanyua kila kwaya iliposimama, kila tulipoona picha ya mama, kila mwezi ulipoisha. Na tulikuwa tumeichagua sokoni wenyewe, tukidhani ni uimara. Tuliogopa kwamba tukiiweka chini hatutakuwa na kitu cha kutushikilia. Tungebaki na huzuni tu, bila mtu wa kulaumu.

Asubuhi tulimwendea tukamwambia tumemsamehe. Sote watatu tulilia, na Mzee akajifanya anatafuta kahawa.

Tangu siku ile hutulipa krona elfu moja kila mwezi. Mwezi mwingine hawezi. Mama hatutamwona tena upande huu wa mbingu, na kuna Jumapili tunaposikia sauti yake kwenye kwaya na uzito ule unarudi. Siku hiyo tunapiga goti tena. Hatukuwa tumejua kwamba kusamehe, kama telemark, hujifunzwa kwa kuanguka mara nyingi kwenye mteremko uleule.

Siku hizi tunaazima vyepesi vya Mzee, wala hatuoni haya. Mabuti yale mazito bado yako ghalani kwetu. Watoto husema tuyarudishe sokoni. Tumekataa, mpaka apatikane mnunuzi anayekwenda kushuka tu.