Nta Juu ya Vumbi

Kazi yoyote ina mitihani miwili kwa mtu anayeianza: mtihani wa kujua namna ya kutenda, na mtihani wa kujua cha kutendea. Huu wa pili aghalabu hudharauliwa, kwa sababu hufanyika dukani, na mtu mwenye fedha mkononi hudhani kuwa amekwisha kuushinda.

Tabora iliujua mtihani huo tangu zamani. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita nchi hiyo, na kila mkuu wa msafara alipaswa kuchagua nguo, ushanga na masango kabla mizigo haijafungwa. Henry Morton Stanley, aliyefika Unyanyembe mwaka 1871 akakaa Kwihara, alikuwa mgeni wa uchaguzi huo, na ilimlazimu kuwauliza wafanyabiashara wa Unguja. Alijifunza kwao kuwa ushanga mweusi ulipokewa Ugogo lakini ulikataliwa kwingine, na kuwa Unyamwezi ilitaka mwekundu. Mtu aliyechagua kwa kufuata yaliyopendeza macho yake tu aliweza kuwatwika wapagazi mali isiyonunua hata kibaba cha mtama.

Ntalikwa, kata mojawapo ya Manispaa ya Tabora, imo katika nchi hiyo hiyo. Siku hizi mizigo hupita juu ya magurudumu, na kijana mmoja wa huko alikusudia kujipatia riziki kwa kusafisha na kupamba motokaa. Mjomba wake, mrina asali, alimpa fedha za asali ya msimu mmoja ziwe mtaji. Kijana alikwenda mjini akarudi na chupa mbili za polishi, mikebe ya dawa ya kung'arisha tairi, manukato ya ndani ya gari, sifongo moja kubwa na pakiti za sabuni ya unga. Ndoo alikuwa nayo moja nyumbani, na vitambaa vilikuwa fulana kuukuu. Kila alichokinunua kilikuwa na picha ya gari linalometameta.

Gari la kwanza lilikuwa pikapu ya mjomba, ya rangi ya buluu nzito, iliyorudi porini imefunikwa na vumbi la kiangazi. Kijana alilipangusa kwa fulana kavu, akaliosha juani kwa sabuni ya unga, akichovya sifongo katika maji yale yale mpaka yakawa tope, kisha akapaka polishi. Jioni pikapu iling'aa, na majirani walimpongeza. Asubuhi jua lilipolala juu ya boneti, ilionekana mikwaruzo midogo isiyo na idadi, imezungukana kama utando wa buibui.

"Shikamoo, mjomba," alisema kijana, akikwepa kuitazama boneti.

"Marahaba. Sogea uone. Vitu ulivyonunua vyote ni vya kupaka. Vya kuondolea viko wapi?"

"Niliona watu wanataka gari ling'ae."

"Nasi wanunuzi wanataka nta ing'ae. Lakini masega huoshwa, huyeyushwa kwa maji, huchujwa kwa nguo. Na ukiyeyushia katika chombo cha chuma kitupu, nta hubadilika rangi. Anayechagua chombo kibaya huharibu nta njema."

Mzee hakusema zaidi, wala hakudai fedha zake. Kimya hicho kilimwelemea kijana kuliko karipio. Alichukua chupa ya pili ya polishi ili aifute mikwaruzo, lakini kabla ya kuifungua alikwenda kwa fundi mmoja wa kupaka magari rangi kuuliza.

Fundi alimfundisha jambo ambalo picha za dukani hazikulisema. Juu ya rangi ya magari mengi ya siku hizi kuna vanishi angavu, na unene wake aghalabu ni milimita 0.04 hadi 0.05 tu, pungufu ya unywele wa mtu. Vumbi lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko vanishi hiyo; mwenye kulipangusa likiwa kavu huikwaruza kwa mkono wake mwenyewe. Polishi nyingi nazo zina chembe laini za kusagia: huondoa mkwaruzo kwa kuipunguza vanishi inayouzunguka. Nta ni kinyume chake. Haipunguzi kitu, hukaa juu na kukinga. Basi vanishi ni mtaji, na kila polishi ya namna hiyo ni matumizi. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kijana alirudi akiwa na orodha nyingine. Vitu ambavyo havijafunguliwa alivirudisha dukani kwa hasara, akanunua ndoo ya pili: moja ya maji ya sabuni, moja ya kusuuzia. Badala ya sifongo, inayoshika mchanga usoni pake, alichukua glavu ya kuoshea ya mikrofaiba, ambayo nyuzi zake huuvuta mchanga ndani, mbali na rangi. Sabuni ya unga, ambayo ukali wake huondoa hata nta ya kinga, aliibadili kwa shampuu ya magari. Alinunua vitambaa vya mikrofaiba vya rangi tatu, ili cha magurudumu kisiguse boneti wala cha boneti kisiguse vioo. Na akajiwekea sheria kuwa kitambaa kilichoanguka chini hakirudi kazini kabla ya kufuliwa. Mwisho alinunua kopo moja la nta. Mashine ya kusugulia aliiacha dukani, kwa kuwa mkono usiojua huunguza rangi upesi zaidi kwa mashine.

Kopo hilo lilikuwa na nta ya karnauba, itokayo katika mti wa jamii ya mnazi wa Brazili. Mjomba alilinusa, akauliza kwa nini watu wasitumie nta ya nyuki wa Tabora. Jibu ni kwamba nta ya nyuki hutumika pia katika baadhi ya polishi, walakini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 64, na karnauba hustahimili hata kupita 80. Bati la gari juani huwa moto sana. Mzee aliridhika. Kila nta na kazi yake, kama ushanga na nchi yake.

Tangu siku hiyo kijana huosha chini ya kivuli cha mwembe, kwa maana juani maji ya sabuni hukauka juu ya bati moto na kuacha madoa. Humwaga maji mengi kwanza, mkono haujagusa. Huanzia juu, humalizia chini. Mikwaruzo ya pikapu hakuifuta yote, maana hakutaka kuila vanishi ya mjomba kwa ajili ya kuficha aibu yake. Iko mpaka leo, na wateja wakiuliza huwaonyesha.

Msimu uliofuata mjomba aliporudi kutoka porini, alimpa kijana ufunguo bila neno. Kijana alijaza ndoo mbili.