Fungu la Mchekeshaji

Shinyanga ndiko alikozaliwa Steven Kanumba, nyota wa filamu aliyefariki mwaka 2012 akiwa na umri wa miaka 28, na wenyeji tunajivunia jina lake. Hata hivyo, miaka ile nilipokuwa nikipeleka mchele kwenye machimbo ya Nyarugusu, huko Geita, aliyejaza banda la video hakuwa kijana mtanashati. Alikuwa mzee wa Tanga, Amri Athumani, tuliyemjua kwa jina la King Majuto.

Wachimbaji walikuja na vumbi la mawe masikioni, wakaketi kwenye mabenchi ya mbao huku jenereta likinguruma nje. Majuto akitoa macho tu, kabla hajasema neno, watu hoi kwa kicheko. Msukuma, Mha na Mkurya, wote walikifurahia Kiswahili chake cha pwani. Mara nyingi aliigiza mzee mchoyo, mkorofi, mpenda wasichana. Hata pale ambapo kisa kilikuwa cha mwingine, bila yeye kingepoa.

Kila penye filamu yupo mtu wa namna hiyo. Hollywood ilikuwa na S. Z. Sakall, mzaliwa wa Budapest, aliyewakimbia Wanazi akafika Marekani akiwa na umri wa zaidi ya miaka hamsini. Kiingereza chake cha kubabaisha, na mashavu manene aliyoyashika kwa viganja kila alipotaharuki, vilimpa kazi katika vichekesho vingi, na pia katika Casablanca ya mwaka 1942. Watazamaji walicheka, huko Ulaya dada zake watatu walifia kambini. Sura ya kuchekesha haisemi yaliyomo moyoni.

Wala haisemi yaliyomo mfukoni. Mwaka 2018, Majuto akiwa mgonjwa, nchi nzima ilisikia habari za mikataba yake. Waziri aliyesimamia sanaa, Dkt. Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kuipitia. Mzee akapelekwa India kwa matibabu, akarudi, na tarehe 8 Agosti akafariki katika Hospitali ya Muhimbili. Alizikwa kwao Tanga.

Msomaji, machimboni kuna dhuluma nyingi, lakini angalau mawe hugawanywa kwa viroba mbele ya macho ya watu: fungu la mwenye leseni, la mwenye duara, la walioshuka shimoni. Anayepunjwa huona kiroba kinachokwenda. Kicheko hakina kiroba. Kinauzwa leo Dar es Salaam, kesho kinachezwa Nyarugusu, na aliyekitoa hajui kimelipiwa mara ngapi.

Kwa hiyo nikimwona kijana wa kwetu mwenye kipaji cha kuchekesha, namcheka kwanza, maana ndiyo haki yake. Kisha namwambia ausome mkataba kabla ya kuusoma mchezo, na asipouelewa, atafute wa kumsomea.