Mtani Jukwaani

Nimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwa sehemu kubwa ya muda huo niliwaambia wanafunzi kwamba toni ya kazi ya sanaa haipaswi kuyumba: tanzia ibaki tanzia, ramsa ibaki ramsa. Aliyenisahihisha ni kijana wa kidato cha tatu.

Tulikuwa tukiigiza Orodha, tamthiliya ya Steve Reynolds. Mnaikumbuka: binti Furaha amefariki kwa UKIMWI, ameacha barua itakayosomwa hadharani, na wanaume wa kijiji wanahaha isisomwe, wakihofia majina yao. Mazoezini nilipiga marufuku mzaha wowote. Siku ya onyesho kijana wangu akakaidi. Alijifuta jasho kwa leso kubwa, akaikwepa barua ile kama nyoka, akajibanza nyuma ya waombolezaji. Ukumbi ukaangua kicheko. Baadaye nilimkaripia mbele ya wenzake kwamba amegeuza msiba kuwa kichekesho.

Akanijibu kwa adabu: "Samahani, Mwalimu. Baba alipofariki, watani walikuja wakaigiza alivyokuwa akitembea na alivyokuwa akigombania bei ya kahawa. Mama alicheka huku analia. Nilidhani msiba ndivyo ulivyo."

Sikuwa na hoja. Nilikuwa na cheo tu.

Siku hizi, hapa Matiri, hutazama filamu na tamthiliya za maisha ya shule kwenye simu ya mjukuu wangu. Nyingi hurukaruka: vituko vya bwenini, kisha ghafla kinanda cha huzuni na binti mjamzito analia. Kuchanganya si kosa. Tatizo ni kwamba yule mchekeshaji wa bwenini hana habari na binti anayelia. Mwondoe, na kisa hakipungukiwi kitu. Katika Orodha, kinachotuchekesha na kinachotutoa machozi ni kimoja, ile barua. Ndivyo ilivyo pia katika Supa Modo, filamu ya Mkenya Likarion Wainaina ya mwaka 2018. Kijiji kizima kinatengeneza filamu ya shujaa kwa ajili ya Jo, mtoto mgonjwa asiye na siku nyingi. Tunawacheka wanakijiji wasiojua kuigiza, na tunajua wanashindana na nini.

Kijana yule sikumwomba radhi. Naambiwa anaendesha bodaboda Mbinga mjini. Pikipiki ikipanda mlima kuja huku, huchungulia dirishani. Mpaka leo hajawa yeye.