Nilikaribia Kumpa Sultani wa Kilwa Kodi Yangu ya Nyumba

Wasee, wiki jana saa tano usiku nilikuwa kwa keja yangu Kawangware, bando inaisha, napigania sarafu moja ya shaba kwenye mnada wa London. Kitu ni kidogo kama shilingi ya kawaida, kingo zimelika. Lakini ina jina la Ali bin al-Hasan, sultani wa Kilwa, aliyetawala karne kadhaa kabla Vasco da Gama hajafika huku.

Kilichonimaliza ni maandishi. Upande mmoja kuna jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande zote mbili zina vina. Pesa yenye vina! Niliacha chuo mwaka wa pili, sawa, lakini hata shuleni Kilwa ilinipita kama 46 iliyojaa.

Dau lilianza pauni 40. Kwa simu nilikuwa na elfu 18, na humo ndani kuna 9,000 za nyumba. Nikaweka kikomo pauni 80. Hapo ndipo watu huchomeka, kwa sababu bei unayoona siyo utakayolipa. Mnada ule unaongeza asilimia 25 juu, kwa hivyo 80 inakuwa 100, kama elfu 17 hivi, na bado hujalipa posta wala ushuru ikifika hapa.

Mchana nilikuwa nimempitia beshte yangu anayetengeneza simu Luthuli, nikamwonyesha picha. Akaniuliza, "Na msee wa chuma chakavu anaweza kukupa ngapi?" Nilicheka, lakini jibu sikuwa nalo.

Kitu kingine kilinisumbua. Maelezo yalisema tu "mkusanyiko binafsi, Ulaya." Nikatuma imeli: ilichimbwa wapi, ilitoka lini? Wakasema hawana zaidi. Sasa, Kilwa iko Tanzania, na Tanzania ina sheria ya mambo ya kale tangu 1964. Kama ni mtu aliingia magofuni usiku na mashine ya kutafuta chuma, basi mimi ndiye namlipa mshahara. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia aliokota sarafu tano za Kilwa kwenye mchanga wa Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Mpaka leo watu wanabishana zilifikaje huko. Lakini yeye angalau aliweka alama kwa ramani, ndiyo maana kuna kitu cha kubishania. Hii yangu haina hata alama.

Ningependa kuwaambia niliacha kwa sababu ya urithi wetu. Zii. Zimebaki sekunde chache, mtu akaweka 85. Kidole changu kiko juu ya 90. Nikakumbuka lanlodi, na tarehe 5 huyo mzee hana mchezo. Nikazima simu, nikalala na hasira.

Video nitaitoa Ijumaa bila sarafu, picha za skrini tu. Na kama kuna mtu hapa ashawahi kwenda Kilwa, basi kutoka Dar ni pesa ngapi? Nauli sina, nauliza tu.